Hita ya Chumba cha Watoto

Jumamosi ile Elma Kuoksu alipofungua mlango wa chumba cha watoto katika nyumba ya sala ya Lehtivuoma, harufu ilimsimamisha pale pale kizingitini. Ilikuwa harufu ya msonobari mbichi, kana kwamba mtu amepasua mbao humo ndani asubuhi ile. Harufu nzuri, kwa kweli. Ila nyumba ile ilijengwa kabla yeye hajazaliwa, na mbao zake zilikuwa zimekauka miaka sitini.

Alivua glavu, akasogea hadi ukutani kando ya hita. Kwenye vifundo vya ubao utomvu ulikuwa umetoka, matone madogo ya manjano yanayong'aa. Aligusa moja. Lilikuwa laini kama asali, tena la moto.

"Ee Bwana," alisema kwa sauti ndogo.

Hita aliiwasha mwenyewe saa mbili, sasa ilikuwa saa nne. Nje baridi ilishuka nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri, na nyumba iliyokaa bila moto wiki nzima haipati joto kwa kuombewa. Ndiyo maana mwenye ufunguo, naye ni Elma tangu mumewe afariki, huja Jumamosi kuanza kuipasha. Kesho yake ulikuwa mkutano mkubwa wa majira ya baridi. Watu wangekuja kutoka pande zote mbili za mpaka, Uswidi na Norwe. Mahubiri ya watu wale si ya dakika ishirini. Huanza saa nne asubuhi, wakapumzika kwa kahawa, wakaendelea. Na watoto wachanga, ambao kila nyumba ya waumini inao, hulazwa chumba cha pembeni juu ya kitanda kirefu cha mbao, wamepangwa kwa upana kama mikate, mlango umefungwa ili kilio kisimkatize mhubiri. Jumapili iliyopita Elma aliwahesabu: kumi na mmoja. Kitanda kilikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye hita.

Hita yenyewe ilikuwa zawadi. Ndugu wa ng'ambo, upande wa Norwe, walikuwa wamejenga nyumba mpya ya sala na kuwapa wenzao wa huku hita yao ya zamani, sanduku la chuma lenye koili tatu nene za kutoa joto ndani. Aliyeifunga ni Valfrid, kaka wa marehemu mume wa Elma, mhubiri, mtu aliyetumikia kiwanda cha mbao miaka thelathini akifunga na kufungua mashine. Jumapili iliyopita iliwashwa kwa muda wa saa mbili tu, na kina mama wakaisifu mpaka basi. Raakel, mama mdogo wa mapacha, alikuwa amesema, "Mama Elma, hii sasa ndiyo hita! Ile ya kuni ilikuwa inatuchekea tu."

Elma alichuchumaa akachungulia kwenye matundu ya sanduku. Koili zilikuwa nyekundu, tena si wekundu wa kaa linalozimika. Zilikuwa zinaelekea manjano.

Akaizima. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha watoto, mikono mapajani, akisikiliza chuma kikilialia kwa kupoa.

Pembeni mwa sanduku kulikuwa na kibati cha kiwandani. Alikifuta vumbi kwa kidole, akavaa miwani. Volti 220. Koili tatu. Ampea 10 kila koili.

Elma alisoma miaka sita tu, lakini hesabu hii aliijua kama anavyojua sala ya Bwana. Alipokuwa msichana wa miaka kumi na tisa, kijiji kilikuwa na kituo chake kidogo cha umeme kwenye maporomoko, na kazi yake ilikuwa kusoma mishale miwili kila saa na kuandika daftarini: volti ngapi, ampea ngapi. Volti ndizo msukumo. Ampea ndizo umeme unaopita. Ukizidisha moja kwa nyingine unapata wati, ndiyo nguvu inayotumika. Ukigawanya volti kwa ampea unapata ukinzani, ule ubishi wa waya. Msimamizi wao alikuwa akiwaambia wasichana, "Msukumo unaweza kubadilika saa yoyote. Ubishi wa waya hauna habari, uko pale pale." Miaka minne aliandika hivyo, hadi nguzo za shirika kubwa zilipofika na kituo kikafungwa.

Alichukua penseli ya kwenye kitabu cha nyimbo, akaandika mgongoni mwa tangazo la mkutano. Mia mbili ishirini gawanya kwa kumi: ishirini na mbili. Huo ndio ukinzani wa koili moja. Mia mbili ishirini zidisha kwa kumi: wati elfu mbili na mia mbili. Sawa.

Halafu mkono ukasita. Ng'ambo, ukipima waya zozote mbili kati ya zile tatu zinazoingia nyumbani, unakuta volti mia mbili ishirini. Hilo kila mtu wa mpakani anajua. Na huku kwetu je? Msumeno wa Valfrid, mashine ya kupura ya jirani, vyote vimeandikwa mia tatu themanini.

Mia tatu themanini gawanya kwa ishirini na mbili. Alifanya polepole, akibeba vizuri. Kumi na saba na ushee. Akazidisha kwa mia tatu themanini. Akapata elfu sita na mia tano na zaidi.

Koili moja. Na ziko tatu.

Aliangalia ile namba kama mtu anayeangalia barua ya mtu mwingine. Elfu mbili na mia mbili zimekuwaje elfu sita na mia tano? Lazima amekosea. Akarudia. Jibu likawa lile lile. Akajifunga kitambaa kichwani na kutoka.

Nyumba ya Valfrid iko ng'ambo ya barabara. Alikuwa mezani na mkewe Tyyne, anachovya jibini ndani ya kahawa, kama desturi ya kwao, na kuivua kwa kijiko.

"Amani ya Mungu," alisema Elma.

"Amani ya Mungu, shemeji. Karibu kahawa. Huo uso umetoka nao wapi? Nani kafa?"

"Bado hajafa mtu. Shemeji, ile hita uliifungaje?"

Valfrid akacheka, jibini shavuni. "Niliifungaje! Waya tatu zilitoka ng'ambo, waya tatu ziko ukutani. Tatu kwa tatu. Sijabadilisha hata skrubu moja, ndiyo heshima ya kazi ya watu."

"Ng'ambo ni mia mbili ishirini."

"Najua."

"Huku ni mia tatu themanini."

"Tyyne, mwongezee shemeji kahawa, leo kaja kunifundisha umeme." Alijifuta mdomo. "Sawa, msukumo umezidi kidogo. Ndiyo maana ina joto zuri. Kina mama wanafurahi, mtu analalamika nini?"

Elma aliweka karatasi mezani. "Imekuwa mara tatu. Nimepiga hesabu mara mbili."

Valfrid aliisogeza ile karatasi kwa kidole kimoja, akaisoma kwa mbali. "Mara tatu? Shemeji, mia tatu themanini haifiki hata mara mbili ya mia mbili ishirini. Haifiki! Hiyo tatu umeiokota wapi, barabarani? Mlimaliza la sita au mlifika la tano mkafunga shule?"

"Mwache aseme, mzee," Tyyne alisema. "Huo mdomo wako hauna Jumapili."

"Nimemzuia? Aseme. Anieleze tu hiyo tatu."

Elma aliitazama tena karatasi. Kweli, haikufika mara mbili. Aliliona hilo waziwazi, na jibu lake likaonekana kama sahani iliyopasuka anayong'ang'ania kuwa ni nzima. Uso ukamwaka moto.

"Utomvu unatoka ukutani," alisema hatimaye.

"Mbao zikipata joto hutoa utomvu. Mbao ndivyo zilivyo." Kisha akalegeza sauti. "Elma, sikiliza. Wageni wako njiani tangu alfajiri. Ndugu wametoa kitu kwa moyo. Waingie kesho wakute zawadi yao imezimwa, watoto wanatetemeka, kwa sababu ya penseli? Karudi uwashe. Mimi ndiye niliyeifunga, niachie mimi."

Alitoka bila kunywa kahawa. Alisimama kwenye theluji mbele ya ngazi, pumzi yake ikigeuka barafu kwenye kitambaa. Fundi mwenye leseni alikuwa kilomita tisini, na Jumamosi simu yake haipokelewi. Angeweza kurudi nyumbani tu. Valfrid ni mhubiri, ni mwanamume, ndiye mwenye miaka thelathini ya kiwanda. Yeye ana penseli. Lakini kila alipofumba macho aliona vile vichwa kumi na kimoja vimejipanga, na mlango umefungwa.

Nionyeshe nilipokosea, aliomba, au nionyeshe alipokosea yeye.

Akaanza upya, kichwani. Msukumo ulizidi mara moja na robo tatu hivi. Ukinzani uko pale pale. Basi umeme unaopita nao umezidi, mara moja na robo tatu vilevile, maana unasukumwa kwa nguvu zaidi kwenye waya ule ule. Na wati ni msukumo mara umeme unaopita. Vyote viwili vimepanda! Valfrid alihesabu kimoja akasahau mwenzake. Moja na robo tatu, mara moja na robo tatu. Inafika tatu.

Alipanda ngazi tena, akafungua mlango bila kubisha.

"Shemeji, vaa koti."

"Umerudi na nyingine?"

"Vaa koti, na saa yako ya mkononi. Mita ya umeme haikusoma la sita wala la tano. Twende tukaiulize yenyewe."

Tyyne alikuwa tayari ameshika koti la mumewe. "Nenda. Kama amekosea utarudi kumcheka, na mimi nitakusaidia."

Katika ukumbi wa nyumba ya sala, mita ilikuwa ukutani juu ya ndoano za makoti. Nyuma ya kioo mna sahani nyembamba ya chuma inayozunguka, na ukingoni mwake alama nyekundu. Elma alizima taa zote na jiko la kahawa. Sahani ikasimama tuli.

"Soma hapo," alisema.

Valfrid alikunja macho. "Mizunguko mia moja kwa kila kilowati-saa moja."

"Hita ikila ilivyoandikwa, koili tatu ni wati elfu sita na mia sita. Kwa saa nzima ni mizunguko mia sita na sitini. Gawanya kwa dakika sitini."

Midomo ya Valfrid ilitembea. "Kumi na moja."

"Kumi na moja kwa dakika. Ikitoka kumi na moja, au hata kumi na tano, naomba radhi mbele ya mkutano wote na hita inawaka. Wewe shika saa. Hesabu kwa sauti, nisije nikakuibia."

Aliingia chumbani. Kidole chake kilikaa kwenye swichi, akajikuta anaogopa vitu viwili kwa pamoja: kuwa amekosea, na kuwa hajakosea. Akabonyeza.

Sahani iliondoka. Haikuanza kwa kujivuta kama mita zinavyoanza. Iliondoka kama kitu kilichofukuzwa.

"Moja," alisema Valfrid, jicho moja kwenye saa. "Mbili. Tatu. Nne, tano…" Ule wekundu ulikuwa unapita kabla hajamaliza kutamka. "Sita. Saba. Nane…"

Elma alisimama mlangoni, akisikia koili zikianza kuvuma nyuma yake.

"Tisa. Kumi." Sauti ya mhubiri ilishuka. "Kumi na moja."

"Sekunde ngapi?"

Valfrid aligeuza mkono, akaisoma saa upya.

"Shemeji. Sekunde ngapi?"

"Ishirini." Aliisogeza saa karibu na uso, kana kwamba yenyewe ndiyo mwongo. "Bado kidogo ifike ishirini. Zima. Elma, zima!"

Alikuwa ameshazima.

Walilivuta sanduku kutoka ukutani wote wawili, wameshika kwa glavu. Ubao uliokuwa nyuma yake, ambao hakuna aliyeuona tangu siku ilipofungwa, ulikuwa na doa pana la rangi ya kahawa iliyochemka sana, na katikati palikuwa peusi. Valfrid alikwaruza pale kwa ukucha. Ulitoka mkaa. Aliutazama kwenye kidole kwa muda, kisha akaupangusa kwenye suruali yake ya nyumbani, ile safi, bila kujua anachofanya.

"Jumapili ile walikaa humu kwa saa mbili," alisema.

"Walikaa."

"Na kesho ingekuwa siku nzima."

Elma alishughulika na glavu zake. Yapo mambo mtu akishayaona mwenyewe, ukimsaidia kuyaona unamwonea.

Valfrid alipiga magoti, akafungua kifuniko cha chini. Sasa mikono yake ilikuwa mikono ya kiwandani, ilijua njia, ingawa bisibisi ilimponyoka mara mbili. "Ng'ambo kila koili imefungwa katikati ya waya na waya, inapata msukumo mzima," alisema, akijisemea zaidi kuliko kumwambia. "Hapa ilitakiwa ncha tatu zikutane pamoja, kila koili ipewe mia mbili ishirini yake. Mota za kiwandani nimezifunga hivyo maelfu. Maelfu, Elma! Nikaja kwenye hii nikasema nisiguse kazi ya watu."

Alihamisha vipande vitatu vya shaba, akakaza. Walirudi kwenye mita. Safari hii ni Elma aliyehesabu, na sahani ilikuja bila haraka. Dakika ilipotimia alama nyekundu ilikuwa imepita mara kumi na moja. Ndani ya sanduku koili zilikuwa nyeusi, zenye joto la kawaida tu. Hata hivyo walisogeza kitanda cha watoto mpaka ukuta wa pili, na hita wakaiacha katikati ya sakafu, mbali na ubao wowote.

Valfrid aliketi kwenye benchi la ukumbini. Alikuwa mtu mrefu, lakini pale alionekana kama koti lililoning'inizwa vibaya.

"Elma, unaweza kunisamehe?"

Aliweka mkono begani kwake, kama inavyofanyika kwao, akasema maneno ambayo muumini yeyote anaweza kumwambia mwenzake, mwenye elimu au asiye nayo. "Amini umesamehewa yote, kwa jina la Yesu na kwa damu yake."

Kwa desturi mtu akishaambiwa hivyo hulia kidogo, au hutabasamu. Valfrid hakufanya lolote kati ya hayo. Alikuwa anatazama mita.

"Nini?" aliuliza Elma.

"Walitoa hita mbili."

Elma alimgeukia. "Ya pili iko wapi?"

"Rautakoski. Ni huku huku kwetu, si ng'ambo. Jumanne Hjalmar, mwenye ufunguo wao, alinipigia simu, anauliza ataifungaje." Aliinuka benchini. "Nikamwambia tatu kwa tatu. Nikamwambia asibadilishe hata skrubu."

"Rautakoski wana darasa la watoto Jumamosi."

"Saa nane."

Elma alitazama saa mkononi mwa shemeji yake. Ilikuwa saa saba na dakika arobaini.

Hawakufunga mlango. Walivuka barabara mbiombio, wazee wawili juu ya barafu, Elma amemshika Valfrid mkono asianguke, au ni Valfrid aliyemshika yeye, hakuna aliyejua. Tyyne aliwaona kupitia dirishani na tayari alikuwa amesimama kando ya simu.

"Nipe namba ya nyumba ya sala ya Rautakoski," alisema Valfrid.

Iliita. Elma alisimama karibu kiasi cha kuisikia. Mara tano, mara sita. Mara tisa.

"Pengine wameshaanza kuimba," alisema Tyyne.

"Usikate," alisema Elma.

Mara kumi na mbili. Kumi na tatu. Valfrid alikuwa amefumba macho, midomo inatembea, na Elma akajua haombei jina lake lisichafuke. Hilo alikuwa ameshaliacha kule benchini.

Simu ikanyanyuliwa. Kwa mbali ilisikika kelele ya watoto wengi, viatu sakafuni, mmoja analilia kofia yake. Kisha sauti ya mwanamume, ya furaha, ya mtu aliyetoka kwenye joto: "Amani ya Mungu, hapa ni Hj—"

"Izime hita," alisema Valfrid, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kuanza neno kabla ya salamu. "Hjalmar, watoe watoto chumbani, uizime, halafu urudi kwenye simu. Nimekosea mimi. Nenda, usiniulize, nenda!"

Kule upande wa pili simu ilibwagwa mezani. Walisikia hatua zinakwenda mbio, mlango unafunguliwa, mwanamke akiwaita watoto kwa majina, mmoja mmoja. Elma aliinamisha kichwa karibu na chombo cha simu, akaanza kuyahesabu yale majina kwa kidole juu ya kitambaa cha meza, huku wote watatu wakingoja Hjalmar arudi.